Shanga za Thomson

Kila ifikapo Desemba, msomaji, wauza hereni na mikufu hujaa sokoni Busia, na wazee wetu hapa Mundika husema kwamba zamani mapambo hayakuwa na msimu. Kabla hujawasadiki, soma kitabu cha Joseph Thomson, *Through Masai Land*, kilichotolewa mwaka 1885.

Thomson alipokuwa Taveta mwaka 1883 aliambiwa kwamba shanga zake hazifai kitu mpaka zitungwe upya kwa urefu waliopenda Wamasai. Wapagazi wakaketi, wakatunga nyuzi 60,000! Aandika kwamba kila kabila lilitaka rangi yake na ukubwa wake, na kwamba shanga zilizopendwa mwaka uliopita huenda zikachekwa mwaka huu, sawasawa na mitindo ya mabibi wa Ulaya. Desemba ile alipita Mumias hata ufuoni mwa ziwa, si mbali nasi.

Namsifu kwa kusema hivyo waziwazi. Lakini mitindo hiyo aliihesabu kuwa usumbufu wa msafiri tu. Hakulipima jambo kubwa lililokuwa mbele ya macho yake: mnunuzi wa bara ndiye aliyeamuru, na mafundi wa kioo wa Venice, wasiopata kumwona kamwe, walifuata rangi aliyoitaka. Leo mambo ni kinyume, na hapo ndipo wazee wangeweza kunung'unika kwa haki: katoni ya hereni hufunguliwa sokoni, na msichana huchagua katika zilizoletwa.