Jina na Hadhira: Mbinu za Usimulizi katika Filamu ya "Nairobi Half Life"

Uhakiki wa filamu bado haujapata mahali pake katika idara za Kiswahili. Mwanafunzi hufundishwa kuchambua ngano, utenzi, riwaya na tamthilia, lakini filamu huachiwa wataalamu wa mawasiliano, kana kwamba hadithi ikishatiwa katika picha huacha kuwa hadithi. Makala haya yanaichunguza filamu moja ya Kenya, Nairobi Half Life, kwa vigezo vile vile vinavyotumika katika uhakiki wa fasihi simulizi na tamthilia. Hoja yake ni kwamba filamu hiyo, ambayo kwa sura ya nje ni kisa cha ujambazi, kwa undani ni tashtiti juu ya umaarufu. Nguvu ya tashtiti hiyo inatokana na namna hadhira inavyotumiwa: hadhira iliyomo ndani ya kisa, na ile inayokaa ikikitazama.

Filamu hii iliongozwa na David "Tosh" Gitonga, ikatolewa mwaka 2012. Katika tamasha la filamu la Durban la mwaka huo, Joseph Wairimu, aliyeigiza mhusika mkuu, alitunukiwa tuzo ya mwigizaji bora; na hii ndiyo filamu ya kwanza kuteuliwa na Kenya kushindania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Ilitengenezwa kwa ushirikiano wa One Fine Day Films, shirika la mwongozaji wa Kijerumani Tom Tykwer na mwenzake Marie Steinmann, na Ginger Ink ya Nairobi. Kutokana na asili hiyo ni rahisi kudai kwamba muundo wake umetoka Ulaya na Marekani. Dai hilo lina ukweli kwa upande wa fedha na mafunzo. Kwa upande wa usimulizi, halitoshi.

Msuko wa kisa ni ule wa ngano ya safari. Mwas ni kijana wa mashambani anayeuza filamu za mapigano kutoka ng'ambo. Anatamani kuwa mwigizaji. Waigizaji kutoka Nairobi wanapofika kwao, mmoja wao anamwahidi kumsaidia kwa malipo ya shilingi 1,000. Mwas ana shilingi 500 tu, na anaambiwa nyingine azipeleke Nairobi. Mama yake anampa fedha za safari. Binamu yake, ambaye ni mkuu wa genge, anamkabidhi redio ya thamani na fedha za kufikisha dukani mjini. Hapa ziko hatua zote zinazofahamika katika ngano: kuondoka nyumbani, baraka ya mama, mzigo wa amana, kisha kupotelewa na amana hiyo. Siku ile ile anapofika, Mwas ananyang'anywa kila kitu, anakamatwa na kutiwa ndani. Katika ngano, shujaa aliyepoteza amana hukutana na msaidizi msituni, mara nyingi mnyama au ajuza. Msaidizi wa Mwas anapatikana mahabusu, naye ni Oti, mwizi wa vipuri vya magari. Tashtiti inaanza kwa ubadilishaji huu mdogo: muundo wa ngano umebaki, ila maadili yaliyokuwa yakiubeba yameondolewa.

Mbinu ya pili inahusu sanaa ya Mwas mwenyewe. Katika sehemu ya mwanzo ya filamu anawavuta wateja kwa kuwaigizia visa vya filamu anazouza. Yeye peke yake ni shujaa na adui, ni sauti na ishara za mwili. Mtu huyu si mgeni kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi, kwani ni fanani. Anakichukua kisa cha mbali na kukitia katika kinywa cha nyumbani, jambo ambalo Wakenya wamelizoea katika vibanda vya video, ambako sauti ya DJ Afro hufasiri na kutania filamu za kigeni kwa Kiswahili kilichochanganywa na Sheng. Muhimu zaidi, hadhira ya Mwas iko karibu naye. Inacheka, inamwitikia, na ikipenda inamwacha na kwenda zake. Kijijini Mwas tayari anajulikana kwa kazi yake. Anachokifuata Nairobi ni kujulikana na watu wasiomjua.

Neno "jina" katika Kiswahili linabeba maana zote mbili. Mtu huwa na jina alilopewa na wazazi, kisha akatafuta jina mbele ya watu. Filamu inaonyesha gharama ya kutoka katika jina la kwanza kwenda la pili. Mwas anaishi maisha mawili, kama anwani ya filamu inavyodokeza: usiku na genge la Oti, mchana katika mazoezi ya mchezo wa kikundi cha Phoenix Players, ambamo amepewa nafasi. Ucheshi mwingi wa filamu unazaliwa katika mvuko kati ya maisha haya mawili. Kila upande unamtaka aigize. Kwa wezi anaigiza ujasiri asiokuwa nao. Kwa waigizaji anaigiza kwamba hana la kuficha. Kinaya kikubwa ni kwamba ujuzi anaoupata mitaani ndio unaoupa uigizaji wake uzito jukwaani.

Lugha nayo inasimulia. Kikuyu, Kiswahili, Sheng na Kiingereza vimegawanywa kwa mahali na tabaka. Kikuyu ni cha nyumbani. Sheng ni ya barabarani, na Mwas hana budi kujifunza kuielewa haraka. Kiingereza kina enzi yake katika jumba la maigizo. Mhakiki anayeulalamikia mchanganyiko huu kwa kuwa unakichafua Kiswahili atakuwa ameikosa kazi yake katika kisa. Kila Mwas anapobadilisha lugha, mtazamaji hupata kujua yuko mbele ya nani na anatafuta kibali cha nani. Kuisafisha lugha ya filamu hii kungekuwa sawa na kufuta ramani ya safari ya shujaa wake.

Mbinu hizi zote zinakutana mwishoni, katika mchezo ndani ya mchezo. Wenzake Mwas wamekwisha kuuawa na polisi ambao awali walikuwa wakila nao. Anakimbilia jukwaani akiwa bado na alama za tukio hilo mwilini, anaigiza, na maneno yake ya mwisho yanaelekezwa kwa watazamaji: yanahoji kile wanachochagua kukiona na kile wanachokipa kisogo. Kisha makofi yanapigwa. Ndoto ya Mwas imetimia katika saa ile ile aliyopoteza kila mtu aliyemtegemea mjini.

Makofi hayo ndiyo kiini cha tashtiti. Katika utambaji wa ngano, fanani akisema "Paukwa", hadhira huitika "Pakawa". Pasipo mwitikio huo, hadithi haiendelei, na kwa kuitika hadhira hukubali kuwajibika kwa yale yatakayosimuliwa. Mwas alianza mbele ya hadhira ya namna hiyo. Mwishoni yuko mbele ya hadhira iliyolipa kiingilio, iliyoketi gizani, na ambayo swali lake inalijibu kwa sifa. Inaushangilia uigizaji wa mateso ambayo ingeyakwepa kama ingekutana nayo barabarani. Na kwa kuwa kamera inamweka mtazamaji wa filamu katika viti vile vile, swali linamfikia naye pia.

Ulinganishi na Supa Modo ya Likarion Wainaina (2018), iliyotokana na ushirikiano ule ule wa watengenezaji, unaimarisha hoja hii. Ndani yake msichana mgonjwa, Jo, anaota kuwa shujaa wa filamu mwenye nguvu za ajabu, na kijiji kizima kinashirikiana kumfanyia filamu ambayo yeye ndiye shujaa wake. Humo pia kuna hadithi ndani ya hadithi, na humo pia mtu anapewa jina. Lakini hadhira yake imetoka kitini na kushika kazi. Umaarufu wa Jo ni mwitikio. Ule wa Mwas ni makofi tu.

Nairobi Half Life haikosi udhaifu. Amina, mwanamke anayesimama kati ya Oti na Mwas, amechorwa zaidi kama kipimo cha hisia za wanaume hao kuliko kama mtu mwenye safari yake. Polisi nao wamefanywa waovu wa moja kwa moja, na hivyo mfumo unaowazalisha unabaki nje ya picha. Tashtiti inayotaka kuihukumu jamii hupungukiwa inapowafanya baadhi ya watu kuwa vivuli.

Hata hivyo, filamu hii inastahili kusomwa kwa makini, na Eldoret ni mahali panapofaa kuisomea. Katika mji huu umaarufu si jambo la kufikirika. Mashamba yamenunuliwa na majengo yamesimamishwa kwa fedha za wanariadha walioondoka vijijini wakarudi na jina, na kwa kila mmoja aliyerudi nalo wapo wengi waliokimbia njia zile zile bila kupigiwa makofi na mtu. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi anayatambua maisha ya Mwas kabla hajafundishwa istilahi ya kuyaeleza. Idara ikimpa istilahi hiyo, ya fanani, amana na mwitikio, itakuwa imemwonyesha kwamba fasihi simulizi aliyoisoma kama urithi wa wazee ingali inafanya kazi katika filamu anazozitazama. Ikimnyima, ataendelea kuzitazama, ila atakuwa miongoni mwa wale walioketi gizani.