Yai Lililouzwa Mara Nne

Yai lenyewe lilikuwa dogo, limeviringishwa kwenye kipande cha kanga kuukuu. Bibi aliyelileta aliliweka mezani bila kumtazama mtu, akarudi kwenye benchi lake. Kijijini pale yai la kienyeji ni shilingi 500. Baada ya baraka tukatoka nje, tukakaa chini ya mti, na kabla ya saa saba yai lile lilikuwa limeingiza shilingi 12,200.

Kazi hiyo aliifanya mzee wa kanisa mmoja. Jina lake naliacha kwa kuwa sikumwomba ruhusa. Wenyewe humwita Dalali, naye huitika. Mimi nilikuwa nimekwenda kwa wakwe upande wa Iramba, mbele ya Misigiri, pale njia ya Kiomboi inapochepuka kutoka barabara kuu ya Singida na Nzega. Kanisani nilikwenda kwa heshima ya mama mkwe. Mnadani nilibaki kwa hiari yangu, na Jumapili zote zilizobaki za likizo ile sikukosa.

Aliyekulia kwenye usharika wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) hahitaji kuelezwa mnada ni nini. Asiye na noti hutoa alichonacho: kuku, debe la mtama, fungu la mlenda, chupa ya mafuta ya alizeti. Sadaka ya namna hiyo haiingii kapuni, basi huuzwa palepale nje, na waliotoa ndio haohao wanaonunua. Fedha nyingine huenda kwenye ujenzi, nyingine kwa mwinjilisti. Jumapili ile zilikuwa za diakonia, yaani huduma kwa wenye shida. Kulikuwa na mama amelazwa hospitali ya Iambi, kule Mkalama, na bili yake ilikuwa bado.

Mjini kazi kama hii huvaa nguo nyingine. Rotary iliyozaliwa Chicago mwaka 1905, na Lions iliyozaliwa mji huohuo mwaka 1917, zote zina klabu zake hapa Tanzania, na wanachama wake huchangisha kwa chakula cha jioni cha hisani, kwa matembezi, kwa kuuza tiketi. Sina neno nao. Mtu aliyetolewa mtoto wa jicho kwa michango yao akaona wajukuu zake haulizi fedha zilipatikana kwenye hoteli gani. Ila kwenye chakula cha jioni kila aliyealikwa anajulikana kwamba anazo, ndiyo maana akaalikwa. Mbele ya Dalali wamekaa mwenye trekta na aliyekuja peku, na wote wawili inabidi waondoke pale wakiwa wametoa, bila mmoja kumwonea haya mwenzake. Hapo ndipo ninapomvulia kofia.

Ufundi wake huanza kabla hajafungua mdomo. Kwaya ikiwa kwenye wimbo wa mwisho, yeye yuko mezani anahamishahamisha vitu kama mama anayepanga vyungu. Majogoo wawili waliofungwa miguu aliwaweka nyuma, kivulini. Mlenda akausogeza mbele. Nilimwuliza kwa nini. “Ukianza na jogoo umeanza na watu watano,” akaniambia. “Ukianza na mlenda umeanza na kanisa zima.”

Ndivyo ilivyokuwa. Fungu la mlenda lilianzia shilingi 200, na mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wa mama ambaye kwa jogoo asingethubutu kushindana na mwalimu mkuu. Akanyoosha tena kwa 300. Akalikosa kwa 400, akacheka, na tangu hapo hakukaa kimya tena. Vitu vikubwa vinakuja katikati, watu wakishachangamka. Mwisho kabisa hubakizwa kitu kidogo kinachotamaniwa na wengi, ili watu wasianze kuchomoka mmoja mmoja. Siku ile ilikuwa asali, nayo ilikuwa kwenye chupa iliyowahi kuwa ya konyagi. “Baba Mchungaji, chupa isikutishe,” Dalali akasema, na kicheko hicho peke yake nadhani kiliongeza shilingi elfu moja.

Kuku ana mambo yake. Singida ni mkoa wa kuku. Matenga yanayopakiwa kwenye malori na kwenye mabasi ya Dar es Salaam yamelipa ada za shule nyingi huku, na hapa humdanganyi mtu kuhusu kuku. Kwa hiyo Dalali hasifii. Anamshika jogoo miguu, anampima kwa mkono mbele za watu, anapuliza manyoya ya kifuani ili ngozi ionekane, kisha anampa aliye karibu apapase kidari. Huyo naye anampa wa pili. Jogoo anazunguka mikononi mwa watu sita kabla bei haijatajwa, na kila aliyempapasa amekwisha kumpangia bei kichwani. “Sasa semeni mlichoona,” anasema. Yeye hajasema kitu.

Sauti yake si kubwa. Nimezoea washereheshaji wa harusi wanaopiga kelele kama wanaswaga ng'ombe, nikategemea hivyo. Huyu bei ikipanda yeye hushusha sauti, watu wakasogea. “Elfu tisa, mara ya kwanza.” Anangoja. “Mara ya pili.” Hapo ananyamaza kabisa, anafuta uso kwa leso, anatazama mbali kwenye mashamba kama aliyesahau shughuli. Kimya hicho nilikipima kwa saa ya mkononi: kuna wakati kilifika sekunde 12. Mtu wa elfu tisa na mia tano hujitokeza humo. Asipojitokeza, Dalali anamaliza bila kulazimisha.

Na macho. Hili ndilo nililochelewa kuliona, na nililiona kwa sababu niliwahi kulikosea. Mwaka mmoja, kwenye harambee ya kikundi chetu mjini, nilipewa papai na kipaza sauti. Nikajiona hodari. Nikamtazama mama mmoja wa mstari wa mbele, nikamwambia, “Mama, na wewe je?” Akainamisha kichwa. Ukumbi mzima ukaona kwamba hana. Baada ya hapo hakuna aliyetaka kuninong'onea bei wala kukutana na macho yangu, na papai likachukuliwa na mwenyekiti kwa bei ya gengeni, kwa huruma. Dalali wa Iramba hamtazami mtu kabla mtu huyo hajamtazama. Anajua nani kauza alizeti wiki ile, nani kalipa ada Januari, nani kapeleka matenga Dar na bado hajatumiwa fedha zake. Macho yake yanapita juu ya huyu wa mwisho kama upepo, kisha yanatua kwa yule aliyeuza alizeti, yakakaa hapo. Mwaka 2023, bei ya alizeti ilipoanguka na wakulima wa mkoa huu wakalia, anasema alishusha pa kuanzia vitu vyote, akapunguza utani, na minada ikawa mifupi. “Mwaka ule nilikuwa nauza majina tu,” alisema. Sikumwelewa vizuri mpaka nilipolitazama yai.

Alilishika kwa vidole vitatu, akaliinua kwenye jua, akalizungusha. “Huyu ni jogoo,” akasema, “ila hajavaa.” Likaanzia 500, likapanda kwa mia mia hadi fundi baiskeli akalichukua kwa 1,500. Kijana huyo akalitazama kiganjani, akasema, “Nalirudisha, liuzwe tena.” Makofi. Mwalimu akalinunua kwa 2,000, naye akalirudisha. Kwaya wakanong'onezana, wakapitisha kofia kati yao, zikapatikana 3,700 nyingi zikiwa sarafu, wakasema wanamnunulia Mama Mchungaji. Mama Mchungaji akalipokea kwa vigelegele, akampigia goti kidogo Dalali, akamrudishia: nyumbani kuku wanataga. Mara ya nne, sijui ni kitu gani kilinipata, nikasikia sauti yangu ikitaja 5,000. Mfukoni nilikuwa na 1,000. Nikaandikwa ahadi.

Katika mara zote hizo hakumtaja aliyelileta, wala hakumwelekezea jicho. Lakini kila lilipouzwa alisogea hatua mbili upande wa benchi la yule bibi. Mara ya kwanza alikuwa mezani. Mara ya nne alikuwa amesimama ubavuni pake, na watu walipopiga makofi walikuwa wamegeukia pale alipokaa bibi. Bibi alikuwa akitazama miguu yake, anatabasamu. Jina lake halikutamkwa, na hapakuwa na asiyejua yai ni la nani.

Wanaodhani ujuzi huu umeletwa na dini wafikirie tena. Kanisa lenyewe lina umri wake huku: wamisionari wa Augustana, Wamarekani wenye asili ya Uswidi, waliichukua kazi ya Iramba na Unyaturu katika miaka ya 1920 baada ya Wajerumani wa Leipzig kuondolewa, na Juni 1963 kanisa la Tanganyika ya Kati likawa mojawapo ya yale saba yaliyoungana kuwa KKKT ya leo. Lakini hesabu za watu zilikuwepo. Mwanaanthropolojia Mmarekani Harold Schneider alikaa na Wanyaturu, jirani wa Iramba, mwishoni mwa utawala wa Waingereza, akatoa kitabu mwaka 1970 kuhusu uchumi wao, na aliowaona ni watu wa kupiga hesabu kali: nafaka kwa mbuzi, mbuzi kwa mtamba, kila kitu na thamani yake. Dalali ni mjukuu wa hesabu hizo. Ila yeye anaujua pia upande ambapo yai la shilingi 500 linazidi jogoo mzima.

Adui wake mkubwa ni tajiri. Nilidhani angefurahi akimwona mgeni mwenye gari. Hapana. Aliwahi kupata mgeni wa heshima, msimu wa uchaguzi ukikaribia, aliyemnunua jogoo wa kwanza kwa shilingi 200,000. Watu wakashangilia, kisha mikono yote ikashuka. Nani atatoa 300 kwa mlenda baada ya laki mbili? Vitu vingine vyote vilikwenda kwa bei ya kutupa, na waliovileta wakarudi nyumbani wadogo kuliko walivyokuja. Sheria ya uchaguzi iliwahi kuiruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, Mahakama Kuu ikaifuta mwaka 2006, lakini kuku wa kanisani hana kifungu. Siku hizi Dalali anatunga chake mwenyewe. Mheshimiwa akifika, anaketishwa vizuri, anapewa soda, anaambiwa kwa adabu zote, “Wewe utatufungia.” Mnada ukiisha, jumla ikitajwa, ndipo anaombwa aunge mkono kwa kiasi kilekile walichotoa washarika. Akizidisha, ni shauri lake na Mungu wake. Naona huo ni uamuzi wa busara kuliko mwongozo wowote wa michango niliowahi kuusoma.

Simu nazo zimeingia. Kijana mmoja wa pale anaishi Mbagala. Dada yake alimpigia kwa video, Dalali akamwinulia jogoo wa pili mbele ya kamera, akapuliza manyoya kama kawaida. Yule wa Mbagala alishindana na mwenye mashine ya kukamua alizeti hadi akashinda kwa 26,000, akatuma kwa simu palepale, akaagiza jogoo apelekwe kwa mama yake. Mama yake ndiye aliyekuwa amemleta.

Baada ya hapo kazi si ya Dalali tena. Anakaa, anaomba maji. Mhazini na mama mmoja wa diakonia wanahesabu fedha mbele ya watu, mara mbili, kila mmoja kivyake, na anayeandika kwenye kaunta buku ni mtu wa tatu. Siku ile taslimu zilikuwa 186,400 na ahadi 41,000. Hakuna aliyeinuka kabla namba hazijasomwa. Jumatatu watu wawili walipanda basi kwenda Iambi na fedha, wakarudi na risiti ya hospitali, ikagundishwa kwenye ukurasa uleule wa daftari.

Yai nilimpelekea mama mkwe. Aliuliza nimelipata kwa bei gani. Nilipomwambia alicheka mpaka akakaa chini, kisha akalitia chini ya kuku wake aliyekuwa anaatamia.

Jumapili iliyofuata, kabla ya matangazo mengine, mhazini alisimama kusoma majina ya wenye ahadi ambazo zilikuwa hazijalipwa. Jina langu lilikuwa la tatu: mkwe wa fulani, yai moja, shilingi 5,000. Nikaenda mbele, nikalipa, nikapewa risiti.