Mauti Mwenye Staha: Wasomaji na Riwaya ya Mort

Riwaya ya Mort, iliyoandikwa na Terry Pratchett (1948–2015), ilichapishwa nchini Uingereza mwaka 1987. Ni ya nne katika mfululizo wa Discworld, yaani hadithi za dunia bapa inayobebwa na ndovu wanne waliosimama juu ya gamba la kobe. Katika kura ya wasomaji iliyoendeshwa na BBC mwaka 2003 ili kuzitambua riwaya zinazopendwa zaidi na Waingereza, Mort ilishika nafasi ya 65, ikazitangulia kazi nyingine zote za mwandishi huyo. Hata hivyo, wasomaji wake hawakubaliani juu ya jambo moja la msingi, nalo ni kama inafaa kumfanya Mauti kuwa mhusika wa kuchekesha. Makala haya yanakusudia kuupima ubishi huo kwa kurejea matini yenyewe.

Kisa chake ni chepesi kukieleza. Mauti, kiunzi cha mifupa kilichovaa joho jeusi, anamchukua kijana wa mashambani aitwaye Mort awe mwanagenzi wake. Anapotumwa kazini peke yake, kijana huyo anashindwa kumwacha binti mfalme Keli auawe, akamwangamiza muuaji badala yake. Hapo historia inapasuka: Keli yu hai, lakini ulimwengu unaendelea kumhesabu kuwa maiti, na raia zake hawamtambui. Wakati huohuo Mauti mwenyewe ameiacha kazi na kwenda mjini kuzionja starehe za wanadamu. Ulevi na ngoma havimfai kitu. Furaha anaipata jikoni, akiwa mpishi wa mkahawa.

Lawama zinazohusu fani zina uzito wake. Wapo wasomaji wanaosema kwamba hitimisho limeharakishwa, na kwamba mapenzi ya Mort na Ysabell, binti wa kulea wa Mauti, hayakuandaliwa vya kutosha. Wawili hao wanatupiana maneno makali kwa sehemu kubwa ya riwaya, kisha ghafla wanakuwa wachumba. Dosari hiyo haikanushiki.

Lawama ya pili ni nzito zaidi. Hudaiwa kwamba kumchekea Mauti ni kuwakosea heshima waliofiwa. Dai hili linachanganya mambo mawili, yaani kifo kama tukio na Mauti kama mhusika. Katika riwaya hii msiba wenyewe haufanyiwi mzaha. Kicheko huzuka pale Mauti anapojaribu kuwaelewa walio hai, wala si pale anapowatwaa. Anapouliza maana ya furaha, huuliza kwa dhati, kama mgeni anayetaka kujifunza desturi za wenyeji. Anayechekwa hapo ni mwanadamu, ambaye starehe zake, zikitazamwa kwa jicho la mgeni, zinakosa maelezo.

Fani ya usemi wake inathibitisha jambo hili. Maneno ya Mauti huchapwa kwa herufi kubwa bila alama za kunukuu, hivyo sauti yake inatofautiana na ya wahusika wa kawaida. Fanani wa ngano hubadili sauti anapomwigiza zimwi. Pratchett ameubadili mwandiko. Mbinu hii inategemea herufi za Kirumi: mshairi wa Pwani aliyeandika tenzi kwa herufi za Kiarabu, ambazo hazina kubwa wala ndogo, asingeweza kuitumia. Ukubwa huo wa herufi ndio unaomlindia Mauti haiba yake hata akiwa amefunga aproni.

Suala la tashihisi linamhusu pia mwanaisimu. Neno la Kijerumani la kifo ni la jinsi ya kiume. La Kifaransa na la Kirusi ni la kike. Kwa hiyo mfasiri wa Kirusi anakabiliwa na mhusika wa kiume mwenye jina la kike. Kiswahili hakina tatizo hilo. Kinachohitajika ni kubadili upatanisho wa ngeli: badala ya “mauti yalifika”, husemwa “Mauti alifika”, na kiambishi hicho kimoja hutosha kumpa uhai. Hatari ya mfasiri wa Kiswahili iko kwingine. Akimwita mhusika huyu Ziraili, atakuwa amemleta malaika aliyetumwa na Mola, ilhali riwaya hii haimwonyeshi aliyemtuma Mauti. Isitoshe, katika Reaper Man (1991) Pratchett alilitumia jina la Azrael kwa mkuu wa mauti zote.

Kundi la tatu la wasomaji humwona Mauti kuwa mfariji. Pratchett alieleza kwamba alipokea barua kutoka kwa watu waliokuwa karibu kufa, wakitumaini kwamba atakayewajia atafanana na Mauti wa riwaya zake. Tumaini hilo lina msingi. Mauti huyu hana chuki wala upendeleo. Humwendea mfalme na mchawi wa kijijini kwa staha ileile. Lakini faraja hiyo isizidishwe. Mort anapodai haki, anapata jibu kwamba haki haipo, aliyepo ni Mauti tu. Katika pambano la mwisho Mauti anamshinda, kisha anakipindua kioo cha mchanga kinachopima uhai wa kijana, akamwongezea muda. Alimwongezea muda, deni hakumfutia. Soul Music (1994) inaonyesha Mort na Ysabell wakifa katika ajali ya gari la farasi, wakamwacha binti yao Susan.

Kwa hiyo wanaolalamika na wanaofarijika wote wanapaswa kuisoma upya sehemu ya pambano hilo. Riwaya inacheka bila kudanganya, na ndiyo maana waliokaribia kufa waliweza kuiamini. Mwandishi mwenyewe alitangaza mwaka 2007 kwamba ana ugonjwa wa Alzheimer. Alipofariki tarehe 12 Machi 2015, taarifa iliyotolewa katika ukurasa wake wa Twitter ilianza kwa herufi kubwa, kwa sauti ya Mauti, na wasomaji wake hawakuhitaji kuelezwa ni nani aliyekuwa akisema.