Polisi Alisisitiza Nini?

Naanza na kosa langu mwenyewe. Mkosoaji anayeanika nguo za wenzake, zake amezificha uvunguni, hana haya.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika hadithi fupi kwa kimombo. Kijana mmoja anashukiwa kuiba redio ya jirani. Anakuja polisi kupekua chumba chake. Polisi wangu nilimuumba mtu mwema: hataki kugusa kitu mpaka kijana mwenyewe aitwe, awemo chumbani, aone kwa macho yake, asije akabambikiwa. Basi nikaandika kwa mbwembwe: "The policeman insisted that the boy was in the room."

Nikaisoma jioni moja mbele ya kikundi chetu cha waandishi chipukizi. Nilipomaliza, dada mmoja akanyoosha mkono. "Sasa kaka, huyu polisi wako mbona mwongo? Ulishatuambia kijana yuko kwa shangazi yake, halafu polisi anashikilia kwamba alikuwemo chumbani. Anamsingizia?" Nikacheka, nikidhani ananitania. Kumbe wote walikuwa wameelewa hivyo hivyo. Mtu wangu mwema alikuwa amegeuka mbambikiaji wa kesi, na hadithi yote iliyofuata ikaporomoka, maana ilikuwa imesimama juu ya wema wake.

Neno lililoniangusha ni "was". Nilitakiwa kuandika "be": "insisted that the boy be in the room". La kwanza linasema jambo lilikuwa. La pili linasema mtu anataka liwe. Mwingereza wa London huenda angeandika "should be", nalo lingeniokoa.

Kilichoniuma ni kwamba kwa Kiswahili nisingekosea hata usingizini. "Alisisitiza kijana awemo chumbani" na "alisisitiza kwamba kijana alikuwemo chumbani" ni vitu viwili, na hakuna mtoto wa darasa la pili anayevichanganya. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma miswada ya wenzangu kwa jicho hilo. Naona tunaanguka sehemu mbili: kwenye kitenzi hiki cha kutaka, na kwenye nahau.

TUNACHO MDOMONI

Hali hiyo ya kitenzi, ya kutaka, kuamuru na kutamani, walimu wengine huiita hali tegemezi. Kwetu ni chakula cha kila siku: aende, asiende, waje, tule. Wazee wetu kwenye mikutano ya chama waliitikia "Zidumu fikra za Mwenyekiti!" na hakuna aliyejikwaa akasema "zinadumu". Kiingereza nacho husema "Long live", si "long lives", kwa sababu hiyo hiyo. Husema "God forbid" bila "s", kwa kuwa ni dua: Mungu apishe mbali. Ukiongeza "s" umeacha kuomba, umeanza kutoa taarifa ya kazi za Mungu.

Zamani sana vitenzi vya Kiingereza vilikuwa na viambishi vya mwisho vya hali hii, kama sisi tulivyo na "-e" yetu. Karne zikapita, viambishi vikadondoka. Kilichobaki ni kidogo: "be" isiyobadilika, "were" kwa nafsi zote, na kitenzi cha nafsi ya tatu kisicho na "s". Ndiyo maana tunaandika "I suggest that he go". Ukikanusha, "not" inakaa mbele ya kitenzi bila "does": "I suggest that he not go". Sikioni inakwaruza kidogo, lakini iweke kando ya "napendekeza asiende" uone zinavyotazamana.

H. W. Fowler, katika kitabu chake cha matumizi ya Kiingereza cha mwaka 1926, aliitazama hali hii kama mgonjwa aliye kitandani mwisho mwisho. Mgonjwa hakufa. Katika karne hiyo hiyo ya 20, Wamarekani waliishika kwa nguvu katika sentensi za kudai na kupendekeza, na leo utaikuta katika magazeti na hukumu zao bila kutafuta. Kwa hiyo mwenzangu anayesema "hayo ni mambo ya mabibi wa Kizungu" amechelewa basi.

NILIKOSA AU NINGEKOSA?

Halafu kuna vita ya "was" na "were". Wengi wetu tuliambiwa shuleni kwamba baada ya "if" mtu msomi huweka "were". Basi tunaimwaga kila mahali. Nimesoma mswada ambamo mume anamwomba mkewe radhi: "If I were rude last night, forgive me." Pole yake. Kwa Kiswahili huyo mume angesema "kama nilikukosea jana, nisamehe". Ni jambo ambalo huenda lilitokea kweli, na hapo Kiingereza kinataka "was". "Were" ni ya jambo ambalo si kweli na msemaji anajua si kweli: ningekuwa ndege, ningekuwa wewe, laiti ningekuwa na miaka ishirini. "If I were you." "I wish I were twenty."

Kipimo basi unacho mwenyewe. Ukisikia "ni-li" kichwani, andika "was". Ukisikia "ningekuwa", andika "were".

Ila mwandishi wa hadithi ana jambo moja zaidi la kupima: nani anasema? Wenye Kiingereza chao, wakiongea, wengi husema "if I was you" na hakuna anayezimia. Kondakta wako wa daladala akisema "were" huku ananing'inia mlangoni, umemvalisha suti. Msimulizi aandike kwa uangalifu. Mhusika aseme kama anavyosema.

KISWAHILI KINAPOTUTEGA

Nisije nikakudanganya kwamba mdomo wetu unatosha. Kuna mahali Kiswahili chenyewe ndicho kinachotutega.

Mtego mkubwa ni "-nge-". Sisi tunaiweka pande zote mbili: ningekuwa na pesa, ningenunua baiskeli. Imekaa kama mizani. Mwandishi anaihamisha kama ilivyo: "If I would have money, I would buy a bicycle." Hapana. Kiingereza kinaweka "would" upande wa matokeo tu, upande wa sharti kinarudi kwenye wakati uliopita: "If I had money, I would buy a bicycle." Na mtaani "ningejua" tunaitumia kwa leo na kwa jana, wakati vitabu vya sarufi vilitupa "ningalijua" kwa ajili ya majuto ya jana. Kiingereza hakisamehi hapo: "If I had known, I would not have come." Ajabu ni kwamba anayejua kutenganisha "-nge-" na "-ngali-" anaipata sentensi hii kwa urahisi. Wale tuliotupa "-ngali-" kama kanzu kuukuu ndio tunaohangaika.

Mtego wa pili ni "nataka aende". Hapa "-e" ipo, lakini Kiingereza hakitumii hali yake hiyo. Kinasema "I want him to go". Wa tatu ni "wish". Barua zetu zimejaa "I wish you will come", ilhali tunamaanisha tunatumaini utakuja, yaani "I hope". "Wish" ya namna hii ni dada yake "laiti": inakaa na jambo lililo mbali au lililokwisha kuponyoka. Ukimwandikia mchumba "I wish you would come", ajue una shaka naye.

NDOO NA CHUMVI

Sasa nahau. Hapa ndipo ung'eng'e wetu unapovaa miwani ya jua usiku.

Mswada mmoja ulinitoa machozi kurasa nne. Binti anamuuguza mama yake kwenye chumba kimoja cha kupanga, anamwosha, anamlisha uji kwa kijiko. Ukurasa wa tano: "That night my mother kicked the bucket." Machozi yakakauka papo hapo. Nahau ile kamusi itakwambia maana yake ni kufa, na kamusi haikosei. Lakini ni neno la mzaha, sawasawa na kuandika "usiku ule mama akadanja". Nina hakika mwandishi yule, kwa Kiswahili, angeandika "aliaga dunia" au "alifariki" bila kufikiri. Heshima aliyokuwa nayo kwa mama ilipotea njiani, kwa sababu nahau aliisoma kwenye orodha ya mtihani, maana pembeni, bila kuambiwa nani humwambia nani.

Mwingine aliandika "to add salt to injury". Amegonganisha mbili: "add insult to injury", yaani kumtukana mtu uliyekwisha kumuumiza, na "rub salt into the wound", kumpaka chumvi kwenye kidonda. Naelewa ilivyotokea, maana sisi tuna "kutonesha kidonda", inayokaribia ile ya pili. Lakini chumvi yetu tukiitia, mara nyingi tunatia kwenye maneno, tunakuza habari. Chumvi ni ile ile, chungu ni tofauti.

Na wale paka na mbwa wanaonyesha kila masika huko Manzese! "It was raining cats and dogs." Mwandishi anayeandika hivyo hakutazama mvua. Mimi nilitaka kuona bati linavyopigwa, mtaro unavyofurika, mama anavyookoa mkaa. Nahau ilinyimwa kazi hiyo tangu ilipochakaa.

Ziko pia nahau ambamo ule mgonjwa wa Fowler amelala salama. "Come what may" ni liwalo na liwe. "So be it" ni na iwe hivyo. "As it were" ni tuseme, au kana kwamba. Usiziguse. Nimekuta "comes what may", na nimekuta "as it was", ambayo maana yake ni "kama ilivyokuwa", jambo jingine kabisa. Nani angethubutu kusema "litakalokuwa litakuwa na liwe"?

KUINAMA NA KUANGUKA

Najua nitaambiwa: bwana, Kiingereza sasa ni cha wote, acha kutubana. Mbona Amos Tutuola aliandika The Palm-Wine Drinkard mwaka 1952 kwa Kiingereza chake mwenyewe na dunia ikasoma? Mbona Gabriel Okara, katika The Voice ya mwaka 1964, aliipinda sentensi ya Kiingereza ifuate Kiijo? Mbona Achebe alijaza Things Fall Apart, 1958, kwa methali za kwao?

Nakubali, tena nawashangilia. Afadhali methali ya bibi yako iliyopita kwenye Kiingereza ikiwa hai kuliko ndoo ya Mwingereza. Lakini mtazame Okara: alijua anachokipinda. Kuna kuinama na kuna kuanguka, na kwa mbali vinafanana. Mimi na polisi wangu hatukuinama. Nilitaka msomaji aone mtu wa haki, akaona mtu wa dhuluma, na sikuwa na habari.

Hilo ndilo linalonifanya nisumbue watu. Hadithi nyingi zinaishi ndani ya yale ambayo hayajawa: mama anataka mwanawe arudi, mfungwa anaomba asinyongwe, mtu anajuta kwamba angalijua. Tukikosea hapo, hatujakosea alama za mtihani tu. Tumemwambia msomaji kwamba mwana alirudi.

Hadithi yangu niliisahihisha, neno moja, nikaisoma upya wiki iliyofuata. Yule dada alisikiliza hadi mwisho. "Sasa polisi nimemwelewa," akasema. "Ila huyo shangazi bado."