Mgomba Hauzoei: Uhakiki wa Kitenzi Kimoja katika Maelezo ya Kinga ya Mimea

Kiswahili kinapoeleza kwa nini mmea fulani hustawi mahali fulani, aghalabu hutumia kitenzi kimoja: -zoea. Husemwa kuwa mbegu imezoea baridi, kwamba mhogo umezoea msitu, kwamba maharagwe ya mlimani yameuzoea ugonjwa. Msemo huu ni mwepesi na kila mtu anauelewa. Makala haya yanadai kuwa, katika suala la kinga ya mimea, msemo huo unaficha kiini chenyewe cha jambo, na kwamba huko Masisi na Walikale, Kivu ya Kaskazini, kosa hilo la lugha linaweza kumgharimu mkulima shamba zima.

Anayezoea ni nafsi moja. Mtoto huzoea shule, ng'ombe huzoea zizi, mgonjwa huzoea dawa chungu. Kitenzi hiki hudai mhusika yuleyule, mwanzoni akiwa na taabu, mwishoni akiwa hana, na kinachomvusha ni muda. Katika uteuzi asilia hakuna mhusika wa namna hiyo. Mmea usio na jeni ya kinga hufa au huzaa kidogo. Ulio nayo huacha mbegu nyingi zaidi. Baada ya vizazi kadhaa shamba huwa limebadilika, ingawa hakuna mmea hata mmoja uliobadilika. Kilichobadilika ni uzao. Hata wingi wa nomino hausaidii: "migomba imezoea" husikika bado kana kwamba kila mgomba, mmoja mmoja, umezoea.

Maharagwe ya milima ya Masisi ni mfano mzuri. Katika nchi za Maziwa Makuu ni desturi ya wakulima kupanda mchanganyiko wa mbegu za rangi na maumbo mbalimbali katika shamba moja. Kuvu wa chule, anayetia madoa meusi kwenye maganda, ana koo nyingi. Jeni inayomkinza kuvu wa ukoo mmoja yaweza isimkinze wa ukoo mwingine. H. H. Flor, aliyechunguza kitani huko North Dakota, Marekani, alionyesha katika miaka ya 1940 kuwa jeni ya kinga katika mmea huwa na jeni inayolingana nayo katika kiini cha ugonjwa. Basi kila msimu wa chule huupunguza upande mmoja wa mchanganyiko na kuuzidisha mwingine, na mkono wa mama anayechambua mbegu za kupanda huongeza uteuzi wake. Kuvu naye huteuliwa vivyo hivyo. Ndiyo maana mchanganyiko uliolingana na milima ya Masisi si lazima ulingane na Walikale, nchi ya mabonde, msitu na joto.

Wala kinga haipatikani bure. Mwaka 2003 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio juu ya jeni moja ya kinga, RPM1, katika mmea mdogo uitwao Arabidopsis: pale ambapo ugonjwa haukuwapo, mimea yenye jeni hiyo ilizaa mbegu pungufu kwa takriban asilimia 9. Mazoea huongezeka kwa muda. Kinga ya uzao yaweza kupungua muda upitapo, iwapo adui hayupo.

Mhogo, ulio chakula kikuu cha Walikale, uko katikati. Hupandwa kwa vipande vya shina, hivyo mche mpya hurithi jeni zote za mmea wa zamani. Hata hivyo hutoa maua na mbegu. Kwa njia hiyo H. H. Storey na R. F. W. Nichols, wakiwa Amani, Tanganyika, kuanzia miaka ya 1930, waliuzalisha mhogo na jamaa yake wa porini ili kupata ukinzani dhidi ya batobato. Hawakuungoja mhogo uizoee batobato. Walitafuta uzao mwingine.

Mgomba hauna hata njia hiyo. Mnyauko bakteria wa migomba, ulioelezwa kwanza Ethiopia mwaka 1968 katika mmea wa ensete, ulionekana Masisi mwaka 2001. Migomba inayolimwa huko haizai mbegu. Chipukizi ni nakala ya mama yake, isipokuwa pale ambapo yametokea mabadiliko adimu ya jeni. Mkulima anayeambiwa kuwa migomba itazoea, atasubiri. Naye akisubiri, wadudu hubeba bakteria kutoka ua dume la mgomba mmoja hadi jingine, na panga huwabeba kutoka shina hadi shina.

Hapa pana mtego zaidi. Juu ya takriban mita 1,700 uenezaji kwa wadudu hupungua. Migomba ya huko ikionekana salama, ni rahisi kusema kuwa imezoea. Lakini chipukizi lake likiteremshwa bondeni litanyauka kama mengine, kwa kuwa tofauti ilikuwa katika mahali, haikuwa katika jeni. Kinachookoa shamba ni kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda, kusafisha panga kwa moto, na kuondoa shina lililougua. Nchini Uganda watafiti walifika hadi kupandikiza jeni za pilipili hoho katika mgomba, na kuanzia mwaka 2010 wakaijaribu migomba hiyo shambani Kawanda.

Yaweza kujibiwa kuwa -zoea ni sitiari tu, na kwamba hata "uteuzi" hudokeza mteuzi mwenye nia. Ni kweli. Charles Darwin mwenyewe alilaumiwa kwa neno hilo, akalitetea katika matoleo ya baadaye ya kitabu chake cha 1859. Lakini sitiari hupimwa kwa kile inachomwelekeza msikilizaji. "Uteuzi" humfanya aulize nani aliyeteua, na swali hilo lina jibu: hakuna. "Kuzoea" humwambia angoje. Pengine "mchujo wa asili" lingefaa zaidi, kwani chujio halina nia. Tena linaonyesha mpaka wake, maana chujio halizalishi punje ambayo haikuwamo.

Suala hili si la istilahi pekee. Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Masisi mjini, na Machi mwaka huo wakafika Walikale mjini. Anayekimbia vita hawezi kubeba ghala. Ikiaminika kuwa mbegu huzoea, basi mbegu yoyote ya msaada, hata ya aina moja, itatosha, na muda utamaliza kazi. Ikieleweka kuwa mbegu huchujwa, mchanganyiko ulioachwa nyumbani huonekana jinsi ulivyo: kazi ya misimu mingi, ambayo huanza upya pale tu mbegu za aina nyingi zinaporudishwa shambani.