Mawindo ya Ndani

Kumshibisha paka anayefugwa ndani ni kazi rahisi. Ufundi uko katika kumpatia mawindo. Paka wa nyumbani ametokana na paka pori wa Afrika, na maelfu ya miaka ya kukaa na watu hayajamwondolea hamu ya kunyemelea, kurukia na kukamata. Akijiwindia, hula milo midogo mingi kwa siku, na kila mlo huufanyia kazi. Akifungiwa chumbani na kuwekewa bakuli moja asubuhi, kazi hiyo hana tena. Ndipo anapochana makochi, anapovamia miguu ya watu, au anapolala tu na kunenepa.

Hamugembe, katika Manispaa ya Bukoba, kumweka paka ndani kuna sababu. Nje kuna pikipiki na mbwa, na sumu ya panya iliyotegwa kwa jirani humdhuru hata paka aliyekula panya aliyekufa kwayo. Mvua nayo ni nyingi, kama milimita 2,000 kwa mwaka.

Vifaa vya mchezo havina gharama. Trei tupu ya mayai hutiwa dagaa wakavu wasio na chumvi, mmoja mmoja katika vishimo vichache, kisha vishimo vyote hufunikwa kwa vipande vya karatasi vilivyofinyangwa. Paka hunusa, huchokoa kwa kucha, hukosa, hurudia. Dagaa watano waliokuwa wakiisha kwa kufumba na kufumbua humchukulia muda mzuri, tena akiwa ametulia kabisa na kazi yake.

Kamba yenye ukanda wa ganda kavu la mgomba ni bora zaidi, kwa kuwa ganda hulia sakafuni kama mnyama mdogo anayetembea majanini. Hapa ndipo mkono wa fundi unapojulikana. Asiyejua hulitikisa mbele ya uso wa paka, ilhali hakuna windo linalomfuata mwindaji wake. Anayejua huliburuta likimkimbia, hulificha nyuma ya mguu wa kiti, hulituliza, kisha hulisogeza kidogo tu. Mwishoni humwachia paka alikamate, na papo hapo humpa chakula. Paka atakula, atajilamba, atalala. Kamba huondolewa, maana akiimeza inaweza kumkata utumbo.

Msimu wa senene, hasa Novemba na Desemba, taa huleta mawindo halisi hadi dirishani. Rafu imara kando ya dirisha lenye wavu humpa paka kimo anachokipenda, na gogo lililozungushiwa kamba ya katani, refu kiasi cha kumwezesha kujinyoosha mwili mzima, huokoa makochi. Lafaa kuwekwa karibu na anapolala, kwani akiamka tu hutaka kujinyoosha na kunoa kucha. Sanduku la kujisaidia, lenye mchanga au maranda, husafishwa kila siku, na hukaa mbali na chakula.

Ugali wenye mchuzi haumtoshi. Mwili wake hautengenezi taurini ya kutosha, hivyo asipoipata kwenye nyama au samaki, macho na moyo huharibika.

Mchezo wa kila siku humjulisha mfugaji afya ya paka mapema. Aliyezoea kurukia ganda akilipuuza siku mbili, yafaa achunguzwe. Dume anayeingia sandukuni mara kwa mara bila kutoa mkojo hasubiriwi hata usiku mmoja; hupelekwa kwa daktari wa mifugo mara moja, kwa sababu njia ya mkojo iliyoziba huua haraka.