Gari la Kusukuma

Wapo watu wengi, hasa huko Marekani, wanaoamini kwamba familia iliyotawanyika ndani ya nyumba moja yaweza kuunganishwa na gari. Baba ana shughuli zake, mama ana zake, mtoto amejifungia chumbani. Basi hununuliwa gari kuukuu la bei nafuu, lenye vitanda, jiko na choo, na wote hupakiwa humo kwenda kuiona nchi. Mimi siicheki imani hiyo, kwani ina nia njema. Lakini kila imani yafaa ipimwe, na hapa nitaipima kwa filamu mbili za Wamarekani wenyewe.

Ya kwanza ni Lost in America ya mwaka 1985, iliyoongozwa na Albert Brooks, ambaye pia ndiye mchezaji mkuu. Anaigiza David Howard, mtu wa matangazo ya biashara mjini Los Angeles. David anakosa cheo alichokitarajia, anamtukana mkubwa wake, anafukuzwa kazi. Anamshawishi mkewe Linda naye aache yake. Wanauza walivyo navyo, wananunua gari-nyumba la Winnebago, na kuondoka kwenda kutafuta uhuru. Hawafiki mbali. Usiku mmoja tu Las Vegas, Linda anapoteza karibu akiba yao yote katika kamari, na si muda mrefu David anajikuta akivusha watoto wa shule barabara ili apate riziki.

Brooks ameona jambo la kweli. Watu hawa wanaikimbia starehe huku wameibeba mgongoni. Hata tanuri ya mikrowevu imo garini. Tena Brooks hasahau fedha: mtazamaji anajua wakati wote kwamba uhuru wa David una hesabu yake benki. Kasoro ya filamu ni kwamba gari lenyewe halina neno. Ni sanduku la kubebea ndoto ya watu wawili wasio na watoto. Lingeweza kuwa hoteli, na kisa kisingebadilika sana.

Filamu ya pili, Little Miss Sunshine ya mwaka 2006, inalipa gari kazi. Waongozaji wake ni mume na mke, Jonathan Dayton na Valerie Faris, na mwandishi ni Michael Arndt, aliyepata tuzo ya Oscar kwa mswada huo. Mtoto Olive anataka kushiriki mashindano ya urembo ya wasichana wadogo huko Redondo Beach, California. Familia yake iko Albuquerque, New Mexico, mwendo wa maili zipatazo 800. Fedha za ndege hakuna. Mjomba Frank amejaribu kujiua, hawezi kuachwa peke yake. Babu ndiye anayemfundisha Olive kucheza, lazima aende. Mama hawezi kuendesha gari la gia za mkono, kwa hiyo baba lazima ashike usukani. Hivyo watu sita wanaingia katika gari la manjano la Volkswagen, lile ambalo sisi Afrika Mashariki tulizoea kuliita Kombi. Angalia ustadi wa mwandishi: hakuna hata mmoja aliyepanda kwa sababu ya mapenzi ya safari. Uhitaji ndio uliowapakia.

Kisha klachi inakufa. Fundi anawaeleza kwamba spea haipatikani upesi, ila gari likisukumwa hadi lishike mwendo, laweza kuingizwa gia ya tatu na kuendelea. Tangu hapo, kila wanaposimama hushuka, husukuma, na kudandia mmoja mmoja gari likiwa linakimbia. Baba, Richard, amejenga maisha yake juu ya mafundisho ya kuwagawa watu mafungu mawili, washindi na washindwa. Klachi inamjibu pasipo hotuba. Katika kusukuma gari hakuna mshindi: msomi wa vitabu vya Marcel Proust anasukuma sawa na kijana aliyeapa kutosema neno. Aliyekwisha kupanda humnyooshea mkono aliye nyuma. Sijaona filamu nyingine iliyoieleza familia kwa maneno machache namna hiyo.

Hata hivyo nina malalamiko mawili. La kwanza ni juu ya mama, Sheryl. Yeye ndiye anayepatanisha, anayefariji, anayezuia nyumba isivunjike, lakini mwandishi hakumpa donda lake mwenyewe wala ndoto yake. Toni Collette anaucheza uchovu huo vizuri kuliko alivyoandikiwa. La pili ni juu ya hesabu. Filamu inakwisha gari likiwa njiani kurudi, nasi tunacheka kwa furaha. Mpango wa kitabu cha Richard umevunjika, fedha zimekwenda, na babu amefariki njiani. Nani atalipa? Wahenga walisema rahisi inavunja upishi, lakini filamu hii inaondoka mezani kabla chakula hakijaonjwa.

Anayetaka kuonja na atazame Nomadland ya Chloé Zhao, ya mwaka 2020. Humo Fern, mjane aliyepoteza kazi, analala ndani ya gari lake. Gari linapoharibika hakuna wa kusukuma naye, na fedha za fundi inambidi akakope kwa dada yake. Kwake ubovu wa gari si kichekesho hata kidogo. Gari hilo ndiyo nyumba yake.

Nionavyo mimi, Little Miss Sunshine ndiyo filamu bora kati ya zile mbili za kwanza, lakini ndiyo inayoweza kumdanganya mnunuzi. Atadhani ubovu wa gari ndio uliowapatanisha watu wale. La hasha. Walipatanishwa na kushuka wote, kila mara, bila kuulizana ni zamu ya nani. Kwa hiyo baba anayekagua gari kuukuu uani kwa mtu, baada ya kupiga matairi teke na kufungua boneti, na ajiulize mambo mawili: likifia njiani, je, fedha za fundi zipo? Na watoto wangu watashuka, au watabaki ndani wakinitazama?